Kumbadilisha kocha bila kuivunja timu

Kocha wetu wa tatu alijua amefutwa kazi akiwa ndani ya feri ya Likoni. Alikuwa anavuka kuja kisiwani kwa mazoezi ya jioni, gunia la mipira liko miguuni pake, ndipo simu ikaanza kulia mfululizo. Mmoja wa kamati alikuwa ameandika kwenye kundi la WhatsApp la mashabiki kwamba tumeshaachana naye. Akanipigia. "Katibu, hii nisomayo ni kweli?" Sikuwa na la kumjibu. Usiku uliotangulia tulikuwa tumekaa kikao, tukapiga kura, tukanywa chai na mahamri, tukaenda kulala, na hapana hata mmoja wetu aliyepewa jukumu la kumwambia. Alishuka, akanikabidhi gunia pale pale stendi ya matatu: mipira kumi na mmoja, miwili haina upepo, na fulana za mazoezi zimefuliwa na kukunjwa. Miaka sita imepita na bado naziona zile fulana.

Nimekuwa katibu wa timu ya mtaa kwa miaka tisa. Katika muda huo tumebadilisha makocha watano. Wawili kwa haki na kwa wakati wake, watatu kwa pupa. Ninayoyaandika hapa ni kwa wenzangu wa kamati, wawe wanasimamia timu inayochezea uwanja wa Serani au klabu ya ligi kuu. Pesa ndizo zinazotofautiana. Makosa ni yale yale. Na Mombasa yetu hii ina kiu. Tangu klabu ya Feisal ichukue ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965, kombe hilo halijarudi mjini. Kiu ya namna hiyo humfanya kila kocha aonekane mchelewaji.

Hatua ya 1: Pangeni kuachana siku ile ile ya kuajiri

Kabla hajashika filimbi, andikeni mambo matatu na kila upande utie sahihi. Lengo la msimu ni nini. Tathmini itafanywa tarehe gani. Na ikiwa hamtaelewana, notisi ni ya siku ngapi na malipo ni kiasi gani.

Lengo liwe la kupimika: kubaki kwenye ligi, kumaliza ndani ya sita bora, kuwapandisha vijana watatu kutoka timu ya chini ya miaka 19. Lisipoandikwa, kila mtu atakuwa na lake kichwani. Mwenyekiti anataka kombe, mfadhili anataka mpwa wake aanze, mashabiki wanataka kuwafunga jirani tu, basi. Kocha mmoja hawezi kufanyiwa mtihani na watu watatu wenye maswali tofauti.

Hatua ya 2: Hesabuni nafasi, msihesabu mabao peke yake

Mpira wa miguu ni mchezo wa mabao machache. Shuti likigonga mwamba, refa akikosea penalti, kipa akiteleza kwenye tope la masika, mechi imegeuka. Mkipoteza nne kwa bao moja moja, jedwali litasema timu imekufa, na pengine timu iko hai kabisa.

Kwa hivyo wekeni daftari. Letu ni la mistari, la kurasa 96, na kila mechi ina ukurasa wake. Tunaandika mashuti yetu ndani ya boksi, mashuti yao ndani ya boksi, mabao, na nafasi ya mpinzani kwenye jedwali siku hiyo. Kazi hii mpeni mtu mtulivu asiyepiga kelele uwanjani. Kwetu anaifanya mwalimu mstaafu anayekaa upande wa kona na kalamu mbili, moja ya akiba. Klabu kubwa zina programu za kompyuta zinazokadiria mabao yanayotarajiwa kwa kila nafasi. Daftari letu ni mdogo wake, lakini linatosha kwa swali tulilo nalo.

Baada ya mechi kumi, jumlisheni. Ikiwa mnapoteza lakini mashuti yenu ya ndani ya boksi ni mengi kuliko yao, tulieni. Mnahitaji mmaliziaji, au subira. Ikiwa mnashinda huku wapinzani wanapiga mara mbili yenu, hapo ndipo pa kuamka, maana kamati nyingi hulala usingizi mzito wakati huo. Angalieni na ratiba pia. Kuna msimu mechi sita za kwanza zilitukutanisha na timu nne zilizomaliza juu kabisa. Tulimtimua kocha baada ya ya sita. Aliyemfuata alipewa timu za mkiani, akashinda, tukamchinjia mbuzi.

Sisi wa pwani tunapaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Maji yakipwa siku ya bamvua, mwamba wote ukawa nje, hakuna haja ya mganga wa kuyarudisha, yatajaa. Kocha hufukuzwa maji yakiwa yamepwa mno. Akija mwingine maji yanajaa, naye anashangiliwa kana kwamba ameyaleta kwa ndoo. Mchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, alipitia ligi kuu ya nchi hiyo kuanzia 1986 hadi 2004. Alizilinganisha timu zilizomfukuza kocha na timu zilizopatwa na mporomoko kama huo huo zikabaki naye. Zote zilipanda tena, na zile zilizofukuza hazikuonyesha kuwashinda wenzao.

Mfano mnaoujua ni Arsenal. Mikel Arteta aliingia Desemba 2019, akamaliza wa nane, mwaka uliofuata wa nane tena. Agosti 2021 alipoteza mechi tatu za kwanza na timu ikakaa mkiani mwa jedwali. Hapa kwetu baraza za kahawa zilikuwa zimeshamzika. Klabu haikumgusa. Msimu ule alimaliza wa tano, na uliofuata wa pili. Sisemi kila kocha aliye mkiani ni Arteta, la hasha. Nasema waliomwajiri walikuwa wanatazama kitu kingine mbali na jedwali, na kitu hicho walikuwa wamekiandika mapema.

Hatua ya 3: Nendeni mazoezini, mkae kimya

Hapa ndipo ukweli ulipo, na ndipo wanakamati wengi hawafiki. Siku ya mechi kila mtu yupo, na shati limepigwa pasi. Jumanne saa kumi jioni, jua bado linachoma, humwoni hata mmoja.

Nendeni mara tatu katika wiki mbili tofauti. Msimpe kocha taarifa kuwa mnakuja kumkagua, na msijifiche pia. Kaeni tu kando kama mtu aliyepita njia. Tazameni wachezaji wanafika saa ngapi. Timu iliyo na kocha wake, vijana wapo kabla ya filimbi, wanapigiana pasi, wanataniana. Timu iliyompoteza, wanaingia mmoja mmoja, kila mmoja na udhuru wake: matatu, mama mgonjwa, kiatu. Tazameni kocha anaposimamisha zoezi ili aeleze. Je, wanamtazama usoni au wanatazama vidole vya miguu yao? Nilimwona nahodha wetu mmoja, kijana mwenye heshima kabisa, akifunga kamba za viatu mara tatu wakati kocha anazungumza. Kamba zilikuwa zimefungwa tangu mwanzo. Siku ile nilijua, na matokeo yalikuwa bado mazuri.

Tazameni pia nani anazungumza wakati wa mapumziko ya mechi. Kocha akishanyamaza na wachezaji wawili wakubwa wakaanza kupanga timu wenyewe, uongozi umeshahama. Na tazameni kama zoezi la leo lina uhusiano wowote na kosa la Jumapili. Tukifungwa kwa mipira ya kona mechi tatu mfululizo na wiki nzima vijana wanazungushwa uwanja tu, huyo hana dawa ya ugonjwa wetu.

Kisha geuzeni kioo. Marupurupu yametoka? Nauli je? Kuna mipira mingapi yenye upepo? Beki anayetoka Mtwapa kwa miguu nusu ya safari hawezi kukimbia dakika 90, na hakuna kocha duniani anayefundisha hilo. Mwaka mmoja tulimlaumu kocha kwa wachezaji kuchoka kipindi cha pili. Mweka hazina ndiye aliyesimama, namshukuru hadi leo, akasoma orodha ya wasiolipwa kwa wiki saba. Kikao kikaisha kimya. Ikiwa ugonjwa uko kwenye kamati, kocha mpya ataukuta mlangoni.

Ziko sababu ambazo si sababu kabisa: kelele za mashabiki wiki moja, kufungwa na mahasimu, mfadhili kununa, au kwamba mtu fulani mwenye jina yuko huru na anatafuta kazi. Hii ya mwisho ndiyo hatari kuliko zote. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Hatua ya 4: Mwambieni yeye kwanza

Mkiona daftari na mazoezi vyote vinasema jambo moja, mwiteni. Watu wawili wa kamati wanatosha, wasizidi watatu. Mwonyesheni daftari. Mwulizeni yeye anaonaje na anahitaji nini. Mara nyingine atawaambia jambo msilolijua, kwamba kipa ana jeraha la bega analificha, au kwamba wachezaji wawili hawasemezani kwa sababu ya posa. Pangeni mechi tano au sita, na mabadiliko mnayotaka kuyaona, si matokeo peke yake: mashuti yanayofika kwetu yapungue, vijana wafike mapema. Andikeni, mpeni nakala.

Msitangaze hadharani kwamba mna imani naye. Kauli ile kila shabiki anajua maana yake, na wachezaji pia. Wala msimwongezee mkataba kwa furaha ya siku moja. Manchester United walimwongezea Erik ten Hag mwaka mmoja Julai 2024, baada ya kushinda Kombe la FA, ilhali kwenye ligi alikuwa amemaliza wa nane. Oktoba wakamfuta. Miezi mitatu na ushei, na mwaka waliouongeza wenyewe ukageuka kuwa deni la fidia.

Hatua ya 5: Chagueni siku

Wakati bora ni msimu unapoisha. Kocha anaondoka na heshima, mgeni anapata wiki za maandalizi na dirisha la usajili liko wazi. Liverpool walipata bahati ya Jürgen Klopp kutangaza Januari 2024 kwamba ataondoka msimu ukiisha. Wakatafuta bila kukimbizwa, wakampata Arne Slot, na msimu wake wa kwanza akabeba ligi. Kocha wenu naye akiwadokeza kuwa amechoka, mshukuruni. Msimnunie.

Wakati wa pili kwa ubora ni mapumziko kati ya raundi ya kwanza na ya pili. Ikiwa mnaogopa kushuka daraja na dalili zote ziko wazi, msingoje mechi tatu za mwisho; mgeni anahitaji angalau thuluthi ya msimu ili afanye la maana. Leicester City walimwondoa Claudio Ranieri Februari 2017, miezi tisa baada ya kuwapa ubingwa ambao hakuna aliyeuota. Ulimwengu wa soka ulilia, nami nililia. Lakini timu ilikuwa ya 17, pointi moja juu ya shimo, na msaidizi wake, Craig Shakespeare, akashinda mechi tano za ligi mfululizo na kumaliza wa 12. Naamini kuwa kwa hesabu ya daftari walikuwa na haki. Kwa utu, sijui kama ningeweza kunyanyua mkono kwenye kikao kile.

Wakati mbaya ni siku chache kabla ya fainali. Tottenham walimfuta José Mourinho Aprili 2021, siku sita kabla ya fainali ya Kombe la Ligi, wakamkabidhi Ryan Mason aliyekuwa na miaka 29, na wakafungwa 1-0 na Manchester City. Mkishavumilia miezi, vumilieni wiki.

Kuna jambo halingoji siku wala tathmini. Kocha akishukiwa kupanga matokeo, kumpiga mchezaji, au kuwanyanyasa vijana, anasimamishwa siku hiyo hiyo na suala linapelekwa kwa wenye mamlaka, polisi wakiwemo. Hapo msilete mambo ya kuficha aibu ya timu. Mtoto wa watu ni bora kuliko ligi nzima.

Hatua ya 6: Sheria na pesa

Nilipoanza kazi hii nilidhani sheria ya ajira ni ya maofisini. Sivyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamlinda mwajiriwa yeyote, na kocha mwenye mkataba wa ajira ni mwajiriwa. Kifungu cha 41 kinataka kabla ya kumfuta mtu kwa utendaji mbovu au utovu wa nidhamu, aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, asikilizwe, na awe na haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku zisizopungua 28, au alipwe badala yake, isipokuwa mkataba wenu umesema zaidi. Mahakama ikiona ameonewa inaweza kuagiza alipwe hadi mishahara ya miezi 12. Na akiondoka ana haki ya cheti cha utumishi. Kile kikao cha hatua ya nne, mkikiandikia kumbukumbu, kinawasaidia hapa pia.

Msidhani ni vitisho. Shirikisho letu wenyewe lilimfuta Adel Amrouche, kocha wa timu ya taifa, Harambee Stars, mwaka 2014. Kesi ikaenda hadi ngazi za kimataifa, na deni likawa zaidi ya shilingi milioni 100. Hebu fikirieni ni viwanja vingapi vya mitaa vingesawazishwa kwa pesa hizo, kutoka Bomu hadi Likoni.

Kwa hivyo mweka hazina aulizwe swali moja kabla ya kura: pesa za kuachana zipo? Kama hazipo, kura isipigwe. Tengeni akiba hiyo tangu mwanzo wa msimu, hata ikiwa ni mwezi mmoja wa posho.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Mwenyekiti ndiye anayesema. Hawezi kumtuma katibu, na katibu asikubali kutumwa. Iwe asubuhi, mahali pa faragha, ana kwa ana, baada ya mechi na si kabla. Dakika kumi zinatosha. Mnamwambia uamuzi, sababu ile ile mliyokwisha kumweleza, na malipo yake. Bahasha iwe mezani au pesa zishaingia kwenye simu. Msianze kubishana mechi ya nani ilikuwaje. Wakati huo umepita.

Mpangilio wa habari ni huu: yeye kwanza, kisha wasaidizi wake, kisha wachezaji wakiwa pamoja, halafu mashabiki. Kati ya wa kwanza na wa mwisho pasipite saa nne, kwa sababu mji huu hauna siri. Simu za kamati ziwekwe mezani wakati wa kikao cha uamuzi. Baada ya yule wa feri tuliipitisha kuwa kanuni, na haijavunjwa.

Tangazo liwe fupi. Amehudumu tangu lini, amefanya lipi jema, tunamshukuru, fulani atashika kwa muda. Mabaya yake hayana kazi pale. Makocha wa mji huu wanajuana wote, wanakutana viwanjani Mbaraki na Tononoka, na yule mtakayemtaka kesho anasoma mlivyomwandika huyu wa leo. Tulipomfanyia vile kocha wetu, watatu tuliowafuata walikataa kazi. Mmoja aliniambia wazi, kwa upole, "Bwana Katibu, mie mke wangu yumo kwenye lile kundi."

Hatua ya 8: Kaimu awe kaimu

Mpeni timu msaidizi au kocha wa vijana, na mwambieni tarehe ya mwisho. Wachezaji kwa kawaida huamka wiki za mwanzo, kila aliyekuwa benchi anaona mlango umefunguka. Msilewe kwa hilo. Ole Gunnar Solskjær aliingia Manchester United kama kaimu Desemba 2018, akashinda 14 kati ya mechi 19, wakampa kazi ya kudumu Machi kabla msimu haujaisha. Katika mechi nane za ligi zilizobaki alishinda mbili. Wangengoja Mei, wangekuwa na picha nzima.

Lakini kaimu anaweza pia kuwashangaza. Kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa mwanzoni mwa 2024, Côte d'Ivoire walifungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta nyumbani kwao, wakaachana na Jean-Louis Gasset, na msaidizi wake Emerse Faé akachukua timu iliyoponea kwenye tundu la sindano hadi mtoano. Akawatoa Senegal kwa penalti, na tarehe 11 Februari akaifunga Nigeria 2-1 kwenye fainali. Faé aliwajua wachezaji wale kwa majina na kwa hofu zao. Mgeni angekuwa bado anauliza nani ni nani.

Hatua ya 9: Kumtafuta mwingine

Anzeni na kikosi mlicho nacho. Mna mawinga wawili wenye mbio na viungo wafupi? Msimlete mtu wa mipira mirefu. Yanga wa Dar es Salaam wananipa somo kila nikiwatazama. Nasreddine Nabi alipoondoka 2023 wakamleta Miguel Gamondi, naye pia mtu wa kumiliki mpira, na ubingwa ukaendelea. Novemba 2024 wakaachana naye baada ya kupoteza kwa Azam na Tabora United, akaja Sead Ramović, akaondoka Februari, akaja Miloud Hamdi. Makocha watatu, msimu mmoja, na bado wakawa mabingwa. Kikosi kilikuwa kimejengwa vizuri kiasi cha kustahimili mshtuko wa benchi. Timu yenye wachezaji 18 na mipira kumi na mmoja isijaribu kuiga.

Leseni ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, muulizeni, na kanuni za ligi yenu zinataka ya daraja gani. Mwambieni aje na ratiba ya mazoezi ya wiki moja, siku kwa siku, kwa timu yenu. Asiyeijua timu yenu hawezi kuiandika, na hilo ndilo jibu. Mwulizeni atafanyaje mwezi wa Ramadhani, wakati robo tatu ya kikosi wamefunga. Anayejibu atapeleka mazoezi baada ya tarawehe na kupunguza mbio, huyo anaijua Mombasa. Mwulizeni na joto la kaskazi, mwezi wa pili, saa tisa alasiri. Halafu pigeni simu timu aliyotoka, na msiishie kwa mwenyekiti wake. Tafuteni mtunza vifaa. Mtunza vifaa anajua kila kitu: nani hufika mapema, nani hutukana watoto, nani huazima pesa kwa wachezaji.

Hatua ya 10: Mwacheni afanye kazi

Wiki sita za kwanza kamati isiingie kwenye upangaji wa timu hata kwa ushauri wa kirafiki. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwandikieni tarehe za tathmini kama za hatua ya kwanza, mpeni daftari la msimu uliopita, na mpangieni kukutana na aliyemtangulia.

Hili la mwisho wengi huliona haliwezekani. Linawezekana mkiachana vizuri. Kocha wetu wa tano tulimwondoa mwaka jana, asubuhi, ofisini kwa mwenyekiti, bahasha iko mezani. Alihuzunika, akanyamaza, akatupa mkono sote. Wiki mbili baadaye nilimwomba aje Serani amwone mgeni, sikutarajia kuwa angekubali. Alikuja na kikoi begani na kijana wake mdogo. Wakasimama wawili kwenye mstari wa pembeni karibu saa nzima, mimi nikiwa mbali kidogo nisije nikawaharibia. Nilisikia moja tu. Alimwonyesha beki wetu wa kushoto na kusema, "Yule mpira wa juu upande huu haoni vizuri, alichomwa jicho na mti utotoni. Hakumwambia mtu ila mimi. Mhamishie kulia." Jumapili ile beki yule alianza upande wa kulia.